Kofia na Daftari: Bhagat Singh Katika Maandishi Yake

Zipo picha mbili za Bhagat Singh ambazo huchapishwa tena na tena katika vitabu vya historia ya India. Ya kwanza ilipigwa mwaka 1927 mjini Lahore, alipokuwa mikononi mwa polisi. Kijana wa miaka 19 ameketi juu ya kitanda cha kamba, amefungwa pingu, nywele zake ndefu zimekusanywa utosini bila kilemba, naye anamtazama mtu aliyeketi kitini mbele yake. Ya pili ilipigwa katika studio moja ya Delhi mwaka 1929, siku chache kabla ya tendo lililompeleka gerezani asirudi. Humo amevaa kofia ya pama, ndevu zimenyolewa, masharubu yamesalia, na macho yanaielekea kamera moja kwa moja. Ni hii ya pili iliyoenea. Wachoraji wa mabango waliichukua, wakaipaka rangi, na wengi wao wakamtia bastola mkononi.

Bastola hiyo haimo katika picha ya asili. Kuongezwa kwake kunaeleza jinsi umma ulivyochagua kumkumbuka mtu huyu aliyenyongwa tarehe 23 Machi 1931 akiwa na umri wa miaka 23. Hata hivyo, aliyekuwa chini ya kofia ile alikuwa ameandika habari, insha, wasifu wa mashujaa, barua na matamko ya mahakamani katika Kiurdu, Kihindi, Kipunjabi na Kiingereza, tena akaendelea kuandika hadi siku zake za mwisho. Makala haya yanashikilia kuwa maisha ya Bhagat Singh hayawezi kutahakikiwa kwa haki bila maandishi hayo. Sababu ni kwamba yeye mwenyewe aliyatumia kuyahukumu matendo yake, na hatimaye kuyasahihisha.

Nyumba na Chuo

Bhagat Singh alizaliwa mwezi Septemba 1907 katika kijiji cha Banga, wilaya ya Lyallpur, jimbo la Punjab. Leo wilaya hiyo iko Pakistan na inaitwa Faisalabad. Familia yake ilikuwa ya Masingasinga wakulima, ila babu yake, Arjan Singh, alikuwa mfuasi wa Arya Samaj, chama cha mageuzi ya dini ya Kihindu. Kwa hiyo, tangu mwanzo, nyumba hiyo haikuwa na mpaka mmoja ulio wazi baina ya dini na dini. Mwaka huohuo wa 1907 ami yake, Ajit Singh, aliongoza wakulima wa Punjab kupinga mswada uliotishia haki zao juu ya ardhi ya mifereji, akahamishiwa Burma pamoja na Lala Lajpat Rai. Baadaye Ajit Singh alitoroka India na kuishi ughaibuni kwa takribani miaka 38. Alirejea mwaka 1947 na kufariki tarehe 15 Agosti, siku ileile India ilipopata uhuru. Ami mwingine, Swaran Singh, alifariki akiwa kijana baada ya kufungwa. Mtoto alilelewa katika nyumba yenye wake wa watu wasiokuwapo.

Mtu aliyemvutia zaidi, hata hivyo, hakuwa wa ukoo wake. Alikuwa Kartar Singh Sarabha, kijana wa chama cha Ghadar aliyenyongwa Lahore mwezi Novemba 1915 akiwa na umri wa miaka 19. Bhagat Singh alikuwa akitembea na picha yake mfukoni. Yafaa kukumbuka hapa kwamba jina Ghadar, yaani uasi, lilikuwa kwanza jina la gazeti lililoanzishwa San Francisco mwaka 1913, na chama kikaja kujulikana kwa jina la gazeti lake. Nakala zake zilisambaa kote walikoishi Wahindi, Afrika Mashariki ikiwemo, ambako wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza baadhi ya Wahindi walishtakiwa kwa kupatikana na maandishi ya uchochezi. Kwa kijana wa Punjab wa kizazi hicho, karatasi iliyochapishwa ilikuwa silaha kwa maana isiyo ya sitiari: mtu aliweza kufungwa kwa kuwa nayo.

Tarehe 13 Aprili 1919 wanajeshi chini ya Jenerali Dyer waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika Jallianwala Bagh, Amritsar. Serikali ilikiri vifo 379. Bhagat Singh alikuwa na miaka 11. Miaka miwili baadaye, Gandhi alipowataka wanafunzi kuziacha shule zinazosaidiwa na serikali, aliiacha yake na kujiunga na National College ya Lahore, chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya wanafunzi wa namna hiyo. Huko alisoma historia na siasa, na akashiriki maigizo ya kihistoria yaliyotungwa ili kuamsha uzalendo. Gandhi alipousimamisha mgomo mwezi Februari 1922, baada ya askari polisi kuuawa Chauri Chaura, vijana wengi waliokuwa wameacha masomo walijiona wametupwa njia panda. Kutoka njia panda hiyo ndiko kulikotoka wanamapinduzi wengi wa miaka iliyofuata.

Mwandishi wa Magazeti

Mwaka 1923 familia ilipoanza kumpangia ndoa, Bhagat Singh aliacha barua kwa baba yake, Kishan Singh, akaenda Kanpur. Huko alipokewa na Ganesh Shankar Vidyarthi, mhariri wa gazeti la Kihindi Pratap, akajifunza kazi ya uandishi wa habari. Aliandika kwa lakabu ya Balwant. Wakati huohuo alijiunga na jumuiya ya siri ya wanamapinduzi ambayo mwaka 1928 iliongeza neno la ujamaa katika jina lake. Ofisi ya gazeti na seli ya chama zilikuwa, kwa vitendo, chumba kimoja.

Insha yake ya mwanzo inayojulikana inahusu lugha na hati ya Punjab. Aliitunga kwa ajili ya shindano akiwa na umri wa miaka kama 17, nayo haikuchapishwa hadi baada ya kifo chake. Hoja yake ni kwamba mwamko wa jamii hutanguliwa na fasihi ya jamii hiyo. Anawataja Rousseau na Voltaire kabla ya mapinduzi ya Ufaransa, Tolstoy na Gorky kabla ya yale ya Urusi. Kisha analalamika kuwa Punjab haiwezi kuwa na fasihi ya namna hiyo maadamu lugha zake zimegawanywa baina ya dini: Waislamu na Kiurdu chao, Wahindu na Kihindi chao, Masingasinga na hati yao ya Gurmukhi. Suluhisho alilopendekeza, yaani Kipunjabi kiandikwe kwa hati ya Kihindi, linaonekana leo kuwa jepesi mno, na lisingewaridhisha Waislamu hata kidogo. Ila swali lenyewe si geni kwa msomaji wa Kiswahili, lugha iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu karne kadhaa kabla ya kuvishwa hati ya Kirumi. Mtu akibadilisha hati ya lugha hugusa mambo yasiyohusu herufi pekee.

Maandishi yaliyo bora zaidi ya kipindi hicho ni yale ya jarida la Kirti, lililochapishwa Amritsar kwa Kipunjabi na Kiurdu na lililokuwa la wafanyakazi na wakulima. Katika mwaka 1928 aliandika humo juu ya ghasia za kidini, juu ya hali ya watu wa tabaka lililotengwa, na juu ya wanafunzi na siasa. Katika insha ya ghasia anawashambulia wahariri wenzake: kazi ya magazeti ni kuelimisha na kuondoa chuki, nayo yamegeuka kuwa kuni za moto. Katika insha ya waliotengwa anauliza inakuwaje mbwa aruhusiwe kukaa mapajani mwa mtu na kuingia jikoni, ilhali binadamu akimgusa huyo mtu dini inaharibika. Swali hilo ni la kejeli, lakini limejengwa kwa utaratibu: msomaji hupewa kwanza jambo analolikubali kila siku, kisha hulazimishwa kuliona upya.

Insha nyingine ya mwaka huo inawalinganisha viongozi wawili chipukizi, Subhas Chandra Bose na Jawaharlal Nehru. Bose alikuwa na moto zaidi, na mtu angetarajia kijana wa bomu amfuate yeye. Bhagat Singh anamchagua Nehru, kwa sababu Nehru alihimiza watu watumie akili hata dhidi ya desturi zao, ilhali Bose alitukuza mambo ya kale. Wasomaji wanaomjua kwa kofia tu hawawezi kuutarajia uamuzi huo.

Risasi, Bomu na Karatasi

Tarehe 30 Oktoba 1928 Tume ya Simon, iliyotumwa kuamua mustakabali wa katiba ya India bila Mhindi hata mmoja miongoni mwa wajumbe wake, ilifika Lahore. Lajpat Rai aliongoza maandamano, polisi wakayavamia kwa virungu, na mzee huyo akafariki tarehe 17 Novemba. Chama kiliamua kulipiza kisasi kwa James Scott, mkuu wa polisi. Tarehe 17 Desemba Bhagat Singh na Rajguru walimpiga risasi afisa aliyetoka kituoni, wakidhani ndiye. Kumbe alikuwa John Saunders, msaidizi. Askari Mhindi aitwaye Chanan Singh aliwakimbilia ili awakamate, naye akapigwa risasi na Chandrashekhar Azad.

Waandishi wengi wa wasifu hupita haraka mahali hapa. Haifai. Aliyekusudiwa alisalimika, asiyekusudiwa akafa, na wa tatu kufa alikuwa mtu wa nchi ileile iliyokuwa ikipiganiwa. Mabango ya chama yaliyobandikwa Lahore yalitangaza kuwa kifo cha Lajpat Rai kimelipwa, na humohumo yakaonyesha majuto kwa kumwaga damu ya binadamu. Mkono unaodai ushindi na kuomba radhi katika karatasi moja ni mkono usiotulia. Haikosi maana kwamba tendo lililofuata lilipangwa ili lisiue mtu.

Bhagat Singh alitoroka Lahore kwa gari moshi akiwa amevaa kizungu, pamoja na Durga Devi Vohra, mke wa mwenzake, aliyejifanya mkewe akiwa na mwanawe mdogo. Rajguru alijifanya mtumishi wao. Miezi mitatu na ushei baadaye, tarehe 8 Aprili 1929, yeye na Batukeshwar Dutt waliingia roshani ya wageni ya Bunge la Delhi. Siku hiyo serikali ilikuwa ikisukuma miswada miwili, mmoja wa kubana migomo ya wafanyakazi na mwingine wa kuwabana wanaotiliwa shaka kisiasa. Walitupa mabomu mawili penye nafasi tupu, wakarusha vikaratasi, wakapaza sauti, wakasimama kungoja kukamatwa. Watu wachache waliumia kidogo. Hakuna aliyekufa.

Vikaratasi vile vilianza kwa wazo kuwa kiziwi hahitaji kunong'onezwa, na waandishi wake hawakuficha kwamba wazo hilo wamelikopa kwa Vaillant, mwanarki wa Kifaransa aliyetupa bomu katika bunge la nchi yake mwaka 1893. Bomu lilikuwa bahasha, na barua ilikuwa kikaratasi. Mpango mzima ulikuwa wa mwandishi wa habari: kutafuta jukwaa ambalo magazeti hayawezi kulipuuza. Jukwaa lenyewe lilikuwa kizimba cha mahakama.

Kabla ya siku hiyo kulikuwa na jambo jingine, dogo, la kibinafsi. Kwanza chama kilikuwa kimewachagua wengine kwa kazi ya Delhi. Rafiki yake Sukhdev alimdhihaki, akimshuku kuwa ameacha kujitolea kwa sababu ya mapenzi. Bhagat Singh alimjibu kwa barua yenye kueleza kuwa mapenzi si udhaifu, kwamba humwinua mtu badala ya kumshusha, na kwamba Mazzini mwenyewe aliokolewa na upendo alipokuwa amekata tamaa. Sukhdev alipokamatwa katikati ya Aprili barua ilipatikana kwake, ikawasilishwa mahakamani kama ushahidi.

Tarehe 6 Juni 1929 wakili Asaf Ali aliwasomea mahakamani tamko lao. Humo mapinduzi yanafafanuliwa: hayalazimu umwagaji damu, wala si ibada ya bomu na bastola. Maana yake ni kubadilishwa kwa utaratibu wa jamii ambamo mkulima na mfanyakazi huzalisha wasichokila. Siku sita baadaye walihukumiwa kifungo cha maisha uhamishoni.

Ufafanuzi ulirudiwa mwezi Desemba mwaka huo kwa njia inayomhusu mhakiki wa fasihi moja kwa moja. Mhariri wa jarida la Modern Review, Ramananda Chatterjee, aliikejeli kaulimbiu yao ya Inquilab Zindabad, yaani mapinduzi yadumu. Alidai haina maana, kwani nchi haiwezi kuishi katika fujo zisizokoma. Bhagat Singh na Dutt walimjibu kwa kuchambua maana. Maneno ya namna hiyo, walisema, hayachukuliwi kwa maana yake ya kamusi. Watu wanapotaka jina la shujaa aliyekufa lidumu, hawadai kwamba mwili wake ufufuke. Wanataka fikira iliyomwongoza isife. Mapinduzi nayo ni moyo wa kutamani mabadiliko mema. Shujaa waliyemtolea mfano alikuwa Jatin Das, aliyefariki gerezani Lahore miezi mitatu kabla. Mfano huo hawakuuokota njiani.

Daftari la Kurasa 404

Tarehe 15 Juni 1929 Bhagat Singh na Dutt walisusia chakula. Madai yao yalikuwa kwamba wafungwa wa kisiasa wapewe chakula kama kile wanachopewa wafungwa Wazungu, wasilazimishwe kazi za sulubu, na wapewe vitabu, magazeti na vifaa vya kuandikia. Wenzao wa kesi ya Lahore waliwafuata mwezi Julai, Jatin Das akiwa miongoni mwao. Waganga wa gereza walijaribu kuwalisha kwa nguvu kwa mpira, na katika jaribio moja maziwa yaliingia mapafuni mwa Das. Tarehe 12 Septemba, huku serikali ikitafuta sheria ya kuwawezesha mahakimu kusikiliza kesi bila washtakiwa kuwapo, Muhammad Ali Jinnah alisimama bungeni akasema kwamba mtu anayejinyima chakula namna hiyo ana nafsi inayomsukuma, na kwamba asichukuliwe kama mhalifu wa kawaida. Kesho yake Das alifariki, siku ya 63 ya mgomo wake. Maiti yake ilipelekwa Calcutta kwa gari moshi, na kila kituo kilijaa watu. Bhagat Singh aliendelea hadi mapema Oktoba. Ukiondoa siku chache za kusitisha mwanzoni mwa Septemba, mgomo wake ulipita siku 100.

Daftari alilopewa gerezani limeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza kuwa lina kurasa 404, na tarehe iliyotiwa ni 12 Septemba 1929. Ni siku ileile ya hotuba ya Jinnah, mkesha wa kifo cha Das. Msomaji wa fasihi ya gerezani ya Kenya amezoea habari za karatasi za msalani, ambazo Abdilatif Abdalla na Ngũgĩ wa Thiong'o walilazimika kuandikia kwa siri. Hapa anakutana na daftari rasmi, lililokabidhiwa na wasimamizi wa gereza. Uhalali huo ulinunuliwa kwa njaa, na mmoja wa walionunua alilipa kwa maisha yake.

Ndani yake hamna shajara. Ni daftari la msomaji: amenakili vifungu, mara chache akaongeza neno lake. Wamo Marx, Engels na Lenin, kama inavyotarajiwa. Lakini wamo pia Thomas Paine, Rousseau, Victor Hugo, Dostoevsky, Walt Whitman, Mark Twain, Jack London, Upton Sinclair, na Vera Figner, mwanamapinduzi wa Kirusi aliyeishi miaka mingi kifungoni. Katika barua ya Julai 1930 anamwagiza rafiki yake vitabu kutoka maktaba ya Dwarka Das ya Lahore. Katika orodha hiyo vitabu vya Kropotkin, Karl Liebknecht, Bertrand Russell na Lenin vinakaa pamoja na riwaya ya Sinclair juu ya jasusi. Mtu aliyetarajia hukumu ya kifo alikuwa akisoma kama mwanafunzi mwenye mtihani wa mwaka ujao.

Hukumu yenyewe ilitengenezewa njia maalumu. Tarehe 1 Mei 1930 Gavana Mkuu Irwin alitoa amri ya dharura ya kuunda mahakama ya majaji watatu ambayo uamuzi wake haungekatiwa rufani katika Mahakama Kuu. Jaji mmoja, Agha Haider, alijitenga na amri ya kuwafunga pingu washtakiwa waliopigwa mbele yake, na baada ya muda mfupi mahakama ikaundwa upya bila yeye. Washtakiwa waliacha kuhudhuria. Tarehe 7 Oktoba Bhagat Singh, Sukhdev na Rajguru walihukumiwa kunyongwa kwa mauaji ya Saunders, kwa kutegemea sana ushahidi wa wenzao waliogeuka upande wa serikali.

Siku chache kabla ya hukumu Kishan Singh alikuwa ameiandikia mahakama akijaribu kuonyesha kuwa mwanawe hakuwapo Lahore siku ya mauaji. Mwana alimjibu baba kwa barua kali ya tarehe 4 Oktoba. Alimwambia kwamba tendo hilo lingefanywa na mtu mwingine angeliita usaliti; kwa kuwa limefanywa na baba, analiita udhaifu, tena udhaifu mbaya kabisa. Aliagiza barua ichapishwe, nayo ikachapishwa. Ni muhali kuisoma bila kumhurumia baba. Mzazi alitaka kuokoa roho ya mtoto. Mtoto alitaka kuokoa maana ya kisa chake, na kisa hicho kilikwisha kuwa mali ya umma kiasi kwamba hata lawama ya mtoto kwa mzazi ilipitia gazetini.

Mhakiki Katika Seli ya Kunyongwa

Katika mwezi huohuo wa Oktoba aliandika kwa Kiingereza insha inayosomwa zaidi ya maandishi yake yote, akieleza kwa nini hamwamini Mungu. Chanzo chake ni mzee wa Ghadar aliyekuwa amefungwa Lahore, Randhir Singh, mcha Mungu, aliyemwambia kuwa sifa zimemlevya na kiburi kimemziba macho. Bhagat Singh hamtukani mzee. Anakipima kiburi kama dhana: je, kinaweza kumfanya mtu aache imani? Kisha anasimulia kwamba alikwisha kuacha kuamini kufikia mwisho wa 1926, kabla ya jina lake kujulikana, na kwamba mwaka 1927, alipokuwa kizuizini, maafisa wa polisi walimhimiza asali kila siku. Alijipima kama angeweza kubaki bila Mungu saa ya dhiki, akaona anaweza. Kile kitanda cha kamba katika picha ya kwanza ni cha siku zilezile.

Insha hiyo ina udhaifu. Sehemu yake juu ya asili ya dini ni ya haraka, na majibu yake kwa Wahindu, Waislamu na Wakristo yamebanwa katika aya chache. Nguvu yake iko pengine: katika sauti ya mtu anayekiri kwamba imani ingemrahisishia kifo, kwani aaminiye hutarajia malipo, ilhali yeye anajua kitanzi kitakapobana ndio mwisho. Ilichapishwa katika gazeti la The People la Lahore tarehe 27 Septemba 1931, miezi sita baada ya kunyongwa kwake. Miaka michache baadaye ikatafsiriwa katika Kitamil, ambako vuguvugu la Periyar dhidi ya utabaka lilimpokea kama ndugu.

Maandishi yasiyojulikana sana, lakini yanayostahili kusomwa kwanza na mwanafunzi wa fasihi, ni dibaji ya tarehe 15 Januari 1931. Mwanamapinduzi mkongwe, Lala Ram Saran Das, aliyehukumiwa kifungo cha maisha katika kesi za 1915, alikuwa ametunga gerezani shairi refu la Kiingereza liitwalo Dreamland, yaani nchi ya ndoto, juu ya jamii njema ijayo. Alimwomba kijana aliyekuwa akingoja kitanzi amwandikie dibaji. Mila ya dibaji za namna hii inajulikana: mwandishi wake husifu, hushukuru, akaaga.

Bhagat Singh alikataa mila hiyo. Anaanza kwa kusema kuwa yeye si mshairi wala mhakiki, hana hata kitabu cha arudhi cha kupimia mizani, kwa hiyo hatajadili vina na mizani. Kisha anaingia katika maudhui na kutofautiana na mtunzi karibu kila mahali. Hakubali Mungu wake. Hakubali fasiri yake ya ulimwengu. Anapoafikiana naye, kama juu ya haja ya kuchora jamii ijayo hata kama mchoro ni wa ndoto, au juu ya gereza kuwa mahali pa kurekebisha badala ya kulipiza, anasema kwa nini. Wala hamdharau: anakumbusha kuwa imani ya mzee ilimbeba katika kifungo kirefu ambacho kiliwavunja wengi. Mwisho anawageukia vijana na kuwataka wasilisome shairi ili walifuate kwa upofu. Walisome, walitahakiki, walifikirie, wajitungie mawazo yao wenyewe kwa msaada wake. Ni vigumu kupata maelezo bora zaidi ya kazi ya uhakiki, nayo yaliandikwa na mtu aliyekuwa na majuma tisa na ushei ya kuishi.

Alijitendea vivyo hivyo. Katika waraka wa tarehe 2 Februari 1931 kwa vijana wa siasa, aliwaonya wasiiogope suluhu ya muda ikiwa wanajua wanakokwenda, akawataka waende vijijini na viwandani kuwapanga wakulima na wafanyakazi. Kisha akasema kwamba yeye si gaidi wala hakuwa, pengine isipokuwa mwanzoni mwa safari yake, na kwamba njia zile haziwezi kuwafikisha popote. Neno hilo, pengine, limebeba Saunders na limembeba Chanan Singh. Hakulifafanua zaidi.

Tarehe 5 Machi Gandhi na Irwin walitia sahihi mapatano yao, ambayo hayakuzigusa hukumu za Lahore. Hadi leo wapo wanaomlaumu Gandhi kwamba hakusukuma vya kutosha. Bhagat Singh hakuomba msamaha. Yeye na wenzake walimwandikia gavana wa Punjab wakisema kuwa mahakama iliwahukumu kwa kufanya vita, kwa hiyo wao ni mateka wa vita na wapigwe risasi na askari badala ya kunyongwa. Hata ombi la kifo lilikuwa hoja juu ya maana ya neno moja katika hukumu.

Walitarajiwa kunyongwa asubuhi ya tarehe 24 Machi. Serikali, ikihofia umati, iliwatoa seli jioni ya tarehe 23. Wenzake walisimulia kwamba alipoitwa alikuwa akisoma kitabu juu ya Lenin, akaomba amalize ukurasa. Miili ilipelekwa usiku kando ya mto Sutlej, karibu na Ferozepur, ikachomwa. Mwanahistoria wa chama cha Congress, Pattabhi Sitaramayya, aliandika baadaye kuwa kwa wakati ule jina la Bhagat Singh lilijulikana na kupendwa India nzima sawa na la Gandhi. Serikali ilipiga marufuku vijitabu na picha zake, na marufuku hiyo ikazieneza zaidi.

Daftari lilibaki na familia. Wenzake walisema kuwa aliandika pia miswada kadhaa ya vitabu iliyotoroshwa gerezani na kupotea, mmojawapo ukiwa tawasifu. Daftari halikupotea, lakini lilikaa zaidi ya miaka 60 kabla ya kuchapishwa kuwa kitabu mwaka 1994. Kati ya kurasa zake 404, nyingi hazina kitu.